Mkokoteni, jarari na kani: Fizikia tuliyoizoea bila kuitambua

MZIGO wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga. Methali hiyo ilinijia majuzi nikiwa katika soko la Kongowea, Mombasa, pamoja na mjukuu wangu aliye kidato cha tatu. Tulimkuta kijana mmoja akipakiwa viazi kwenye mkokoteni. Yeye ameshika mikono ya mkokoteni, wenzake wanapakia. Kwa haraka zao, wakayarundika magunia yote manne kwenye ncha ya nyuma. Gunia la nne lilipotua, mikono ya mkokoteni ikapaa, na kijana wa watu akapaa nayo, miguu yaning'inia hewani.

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Hamali mmoja mzee hakucheka. Alipaza sauti: "Leteni mawili mbele nyie! Mwataka kumvunja mtoto wa watu?" Magunia mawili yakasogezwa mbele ya ekseli. Kijana akashuka, akajifuta jasho, akashika njia yake kana kwamba mzigo umepunguzwa.

"Babu," mjukuu wangu akaniuliza, "magunia si ni yaleyale manne? Mbona sasa hayamshindi?"

Nikamrudishia swali: kwani hamjafundishwa habari hizi shuleni? Akasema wamefundishwa, tena mwaka jana. Papo hapo akanikariria kwa Kiingereza kanuni ya kani zinazozungusha, neno kwa neno, bila kuruka hata mkato. Nikamwambia, "Basi hicho ulichokariri ndicho ulichokiona sasa hivi." Akanitazama kana kwamba namtania.

Sikushangaa. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa mwanafunzi wa aina hiyo, na nitalieleza hilo hapo mbele. Kwanza, mpenzi msomaji, hebu tuutazame mkokoteni ule kwa makini. Ndani yake mna sehemu kubwa ya elimu ya kani na mashine rahisi, na ndani ya Kiswahili mna maneno ya kuieleza.

Kani ni nini?

Katika mazungumzo ya kila siku, neno 'nguvu' hubeba kila kitu. Tuna nguvu za mwili, nguvu za umeme, nguvu za sheria na hata nguvu za giza. Mwanasayansi hawezi kufanya kazi na neno linalobeba mizigo mingi hivyo. Ndiyo maana wanaistilahi walichukua neno 'kani' wakalipa jukumu moja: kusukuma au kuvuta kunakoweza kubadilisha mwendo wa kitu au umbo lake. Wamitishamba hawakuliokota neno hili, wala halikubuniwa ofisini. Mswahili amekuwa akisema 'kwa kani' akimaanisha kwa nguvu, na mtu mwenye kani ni yule mshupavu asiyekubali kusogezwa.

Vitu navyo vina ushupavu wake. Isaac Newton, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1687, alieleza kwamba kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwenda kwa mwendo uleule katika mstari ulionyooka, mpaka kani ikibadilishe. Ndiyo sababu matatu ikifunga breki ghafla, abiria hujikuta wakienda mbele. Gari limezuiwa, wao bado hawajazuiwa. Ndiyo sababu pia mvuta mkokoteni hutoa jasho jingi zaidi anapoanza safari kuliko anapokuwa njiani.

Newton alisema jambo jingine ambalo Kiswahili kimelihifadhi ndani ya sarufi yake. Kani haziji moja moja. Ukikisukuma kitu, nacho chakusukuma kwa kani iliyo sawa, kuelekea upande wa pili. Sasa tazama istilahi zetu: msuguano, mvutano, mgongano. Zote zimetokana na vitenzi vyenye kiambishi -an- cha kutendana: suguana, vutana, gongana. Huwezi kusuguana peke yako. Anayetamka 'msuguano' ameshasema, hata bila kujua, kwamba pande mbili zinahusika. Wahenga nao walikwisha kutuambia kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Chawa huvunjika kwa sababu kuna ukucha wa pili unaosukuma kutoka upande mwingine.

Mkokoteni ni wenzo

Turudi Kongowea. Mkokoteni ni wenzo, yaani mti au chuma kinachozunguka juu ya sehemu moja isiyosogea. Sehemu hiyo ndiyo egemeo, nayo katika mkokoteni ni ekseli. Upande mmoja pana mzigo, upande mwingine pana mikono ya kijana, na kani anayoitia yeye ndiyo vitabu vya Tanzania huiita jitihada.

Wenzo hauulizi uzito pekee. Unauliza mambo mawili: kani ni kiasi gani, na iko umbali gani kutoka kwenye egemeo? Zidisha mawili hayo, upate uwezo wa kani hiyo wa kuzungusha. Pande zote mbili zikilingana, wenzo hutulia.

Tuchukue tarakimu. Magunia manne ya kilo 50 ni kilo 200. Dunia huivuta kila kilo kwa kani ya karibu nyutoni 10, kwa hiyo uzito wa mzigo ni nyutoni 2,000. Tuuache kando uzito wa mkokoteni wenyewe. Tuseme kitovu cha mzigo kilikuwa sentimita 50 nyuma ya ekseli, na mikono ya kijana ilikuwa sentimita 150 mbele yake. Mara 2,000 kwa 50 ni 100,000. Gawanya kwa 150, unapata nyutoni 667. Hiyo ndiyo kani ambayo kijana alitakiwa kuitia kuelekea chini ili mkokoteni usipinduke. Ikiwa ana kilo 60, uzito wake wote ni nyutoni 600. Hata akining'inia mzimamzima, hatoshi. Ndiyo maana alipaa.

Magunia mawili yaliposogezwa, kitovu cha mzigo kilihama. Tuseme kilifika sentimita tano mbele ya ekseli. Mara 2,000 kwa tano ni 10,000. Gawanya kwa 150, ni nyutoni 67. Sasa mikono yake inabeba kitu kisichofika hata kilo saba. Viazi havikupungua hata kimoja. Uzito wao umebebwa na magurudumu, na magurudumu yamebebwa na ardhi. Yule hamali mzee aliyepaza sauti hakupiga hesabu yoyote, lakini jibu alilitoa sawasawa.

Tena mkokoteni huohuo ni breki. Umewahi kuona vipande vya tairi kuukuu vilivyopigiliwa misumari kwenye ncha ya nyuma? Mvutaji akiteremka mlima huinua mikono juu, nayo ncha ya nyuma ikashuka na kusugua lami. Egemeo ni lilelile na wenzo ni uleule, lakini sasa kazi yake ni kutengeneza msuguano.

Kuna nyenzo za mipangilio mingine. Katika toroli ya fundi wa ujenzi, egemeo ni gurudumu la mbele, mzigo uko katikati, na mikono iko mwisho. Kifungua chupa ni vivyo hivyo. Katika mkono wako, egemeo ni kiwiko, mzigo uko kiganjani, na msuli unavuta katikati, sentimita nne au tano tu kutoka kwenye kiwiko. Ukikunja mkono uwe kama pembe ya meza na kushika kitu, msuli hulazimika kuvuta kwa kani iliyo karibu mara saba au nane ya uzito wa kitu hicho. Unaonekana mpango mbaya, sivyo? Lakini msuli ukijikunja kidogo tu, kiganja husafiri mbali na kwa kasi. Bila mpango huo tusingeweza kurusha jiwe wala kupiga ngoma.

Mapatano yasiyovunjika

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote haya. Watu wengi, wakiwemo wasomi, huamini kwamba mashine hutuongezea kitu kutoka hewani. Heron wa Alexandria, katika karne ya kwanza, aliorodhesha mashine rahisi tano: wenzo, kapi, kabari, parafujo, na gurudumu pamoja na ekseli yake. Baadaye mteremko uliongezwa, zikawa sita. Kwa karne nyingi mafundi waliziona mashine hizo kama hila za kuyahadaa maumbile. Karibu mwaka 1600, Galileo aliandika kuwa fikra hiyo ni potofu. Maumbile hayahadaiki. Unachokipata katika kani, unakilipa katika umbali.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa pipa la mafuta linalopakiwa kwenye lori. Pipa lina kilo 200, sakafu ya lori iko mita 1.2 kutoka ardhini. Kuliinua moja kwa moja kunahitaji kani ya nyutoni 2,000, yaani vijana wanne wenye miili. Lakini mafundi huegemeza mbao mbili ndefu, tuseme za mita 4.8, wakalibingirisha pipa juu yake. Urefu wa mbao ni mara nne ya kimo cha lori, kwa hiyo kani inayohitajika, tukiuacha kando msuguano, ni robo: nyutoni 500. Watu wawili wataliweza bila kuteguka mgongo.

Je, wamepata bwerere? La. Katika fizikia, kazi ni kani mara umbali. Njia ya kwanza ni 2,000 mara 1.2, sawa na jouli 2,400. Njia ya pili ni 500 mara 4.8, ambayo ni jouli 2,400 vilevile. Kazi haikupungua. Imetandazwa tu juu ya njia ndefu zaidi, kama vile mkopo unavyolipwa kwa awamu ndogondogo kwa muda mrefu.

Hapa msomaji ataona neno jingine letu lililopewa maana finyu. Mtaani, kazi ni chochote kinachokuchosha au kinachokulipa. Kifizikia, hamali aliyesimama tuli na gunia begani haifanyii gunia lile kazi yoyote, kwa maana gunia halisogei. Misuli yake inaungua nishati, jasho linamtoka, lakini gunia halipati kitu. Nisingemshauri mtu amweleze hivyo hamali siku ya malipo.

Ukishayajua mapatano haya, utayaona kila mahali. Barabara ya zamani inayoshuka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, inapinda na kupinda kwa sababu kila pindo linaongeza urefu na kupunguza mwinuko. Shoka ni miteremko miwili iliyogandana mgongo kwa mgongo, yaani kabari: wapiga chini sana, ubao wapasuka kidogo tu pembeni, lakini kwa kani kubwa.

Parafujo nayo ni mteremko uliozungushwa kwenye mti. Chukua jeki ya parafujo. Mkono wake ukiwa na urefu wa sentimita 20, mzunguko mmoja ni karibu sentimita 126 za safari. Ikiwa kila mzunguko unaliinua gari nusu sentimita, umbali wako ni mara 250 ya umbali wa gari, na kinadharia kani yako imezidishwa mara 250. Kwa kweli msuguano hula zaidi ya nusu. Usiulaani, kwani huohuo ndio unaoizuia jeki isijizungushe kinyume na kuliangusha gari juu yako pindi uiachiapo.

Jarari ya ami yangu

Sasa twende baharini, na niungame nililoahidi kuungama.

Ami yangu alikuwa nahodha wa jahazi lililokuwa likisafirisha boriti za mikoko kutoka Lamu hadi Mombasa. Likizo za shule, mimi na mtoto wake tulipanda naye. Tulikuwa rika moja na darasa moja. Kazi yetu kubwa ilikuwa kusaidia kupandisha tanga.

Asiyewahi kuliona jahazi na ajue hivi. Tanga hufungwa kwenye mti mrefu uitwao foromali. Foromali huning'inizwa kwa kamba nene iitwayo henza, ambayo hupita kileleni mwa mlingoti na kuteremka upande wa pili. Kwenye ncha ya henza hufungwa kapi kubwa liitwalo gofia. Chini, kwenye chombo, kuna kapi jingine liitwalo abedari. Kati ya gofia na abedari hupita kamba nyembamba zaidi, huku na huko, iitwayo jarari. Mabaharia huivuta jarari, gofia hushuka, henza hufuata, na foromali hupanda.

Tuseme foromali na tanga lake ni kilo 160, yaani nyutoni 1,600. Ikiwa jarari imepita hivi kwamba mikono minne ya kamba ndiyo inayoivuta gofia, kila mkono unabeba robo: nyutoni 400. Mtu mmoja aliyezoea, au vijana wawili wa shule, wataweza. Lakini ukitaka foromali ipande mita nane, sharti uvute mita 32 za jarari. Ni kwa sababu hiyo kamba ilirundikana miguuni mwetu kama nyoka. Tulikuwa tukimnung'unikia ami: mbona kamba ni ndefu hivi? Naye alikuwa akijibu kila mara: "Ukitaka fupi, nitafutie wanaume wanane."

Jibu la ami lilikuwa fizikia nzima. Binamu yangu alilielewa. Siku moja kapi lilipokwama na ikabidi jarari ipitishwe mara mbili tu, alisema kabla hatujaanza kuvuta, "Leo kamba itakuwa fupi, lakini mtaita mama zenu." Ikawa hivyo.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu aliingia darasani na kuchora ubaoni makapi mawili na kamba. Akatoa istilahi za Kiingereza mbili au tatu, akatoa fasili, akatoa kanuni, tukaandika. Hakuna aliyetaja jahazi. Jioni binamu yangu akanijia na daftari lake, akaniuliza lile neno la kwanza maana yake nini. Mimi nilikuwa nimeshaikariri fasili. Nikamsomea. Akauliza tena. Nikamsomea tena, safari hii polepole, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio yake.

Ningemwambia tu, "Hii ni gofia na jarari," angelimaliza swali lile kabla ya chakula cha usiku, na pengine angenifundisha mimi. Sikumwambia, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua kwamba mchoro ule ulikuwa gofia na jarari. Nilikuwa na maneno ya Kiingereza yasiyo na kamba, naye alikuwa na kamba isiyo na maneno ya Kiingereza. Mtihani uliuliza maneno. Nilipita. Yeye hakupita, na baada ya kidato cha nne alirudi chomboni.

Sisemi kwamba maisha yake yaliharibika. Amekula kwa jasho lake na kusomesha wanawe. Lakini kila ninapoulizwa juu ya nafasi ya Kiswahili katika elimu ya sayansi, huiona sura yake akiwa ameshika lile daftari.

Maneno yapo, kazi ipo

Kuna wanaodai kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Madai haya yamezeeka. Mwaka 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Watoto wa shule za msingi za umma nchini Tanzania husoma egemeo, jitihada na mzigo bila kupapatika. Kwetu, Katiba ya mwaka 2010 iliifanya lugha hii kuwa ya taifa na pia rasmi, lakini mlango wa maabara bado haijaufungua.

Hata hivyo, sitaki kumdanganya msomaji kwamba kuwa na msamiati wa jahazi kunatosha. Sayansi hudai neno moja kwa dhana moja. Sisi kwa kifaa kimoja tuna kapi, roda na puli, na gofia na abedari ambazo ni aina mahususi. Lazima tukubaliane ni lipi la jumla na yapi ya mahususi. Mwandishi mmoja akiandika nguvu, mwingine kani, wa tatu akayachanganya katika sentensi moja, mwanafunzi atapotea palepale ambapo tulitaka kumwongoza.

Kuna pia maneno yaliyotoka ufukweni yakasahau yalikotoka. Chukua 'nyenzo'. Leo nyenzo ni za kufundishia, ni za kazi, ni za maendeleo, na wengi wetu husema 'nyenzo hii' kana kwamba neno halina umoja wake. Umoja upo: ni wenzo, ule mti wa kuinulia au kusogezea kitu kizito. Mabaharia waliitandika miti ya aina hiyo mchangani na kulibingirisha jahazi juu yake hadi nchi kavu. Ukimweleza mwanafunzi asili hiyo, neno linaloelea katika hotuba za wakubwa linarudi kuwa kitu anachoweza kukishika. Ninachoomba si kwamba Kiingereza kifukuzwe darasani kesho asubuhi. Naomba mwalimu wa fizikia, kabla ya kuandika fasili ubaoni, awapeleke wanafunzi nje wakautazame mkokoteni, toroli ya fundi au kapi la kisima, na awaulize wanaviitaje kwao. Fasili ije baadaye. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi walimu tumekataa kuinama kwa muda mrefu mno.

Kutoka Kongowea tulipitia Mji wa Kale kumjulia hali binamu yangu. Sasa ni mzee wa baraza, magoti hayamruhusu tena kupanda vyombo. Mjukuu wangu alimsimulia kisa cha mkokoteni, na yeye akacheka mpaka akakohoa. Kisha akamuuliza, "Wewe msomi, nikikupa kapi moja nililolifunga juu ya mti, na gunia la kilo 50, utavuta kilo ngapi?"

Kijana akajibu haraka, "Ishirini na tano, babu."

"Hamsini," akasema mzee. "Kapi moja lililofungwa juu halikupunguzii kitu. Linakugeuzia tu njia ya kamba, uvute kwenda chini badala ya juu, ukatumia uzito wa mwili wako. Ukitaka ishirini na tano, lifunge kapi kwenye gunia, kamba uifunge mtini. Halafu usishangae kamba ikiwa ndefu mara mbili."

Mjukuu wangu alitoa daftari mkobani akachora makapi mawili, moja juu ya mti na moja juu ya gunia, akaanza kuhesabu mikono ya kamba kwa kidole. Alihesabu mara mbili. Kisha akaniuliza ile kanuni aliyoikariri shuleni huandikwaje kwa Kiswahili, nami nikamwambia amuulize babu yake wa pili.